BINTI WA SURIA: MAISHA YA SEYYIDA SALME

Sisi wa Malindi na Takaungu tumesikia habari za mashamba ambako watumwa walilima mtama uliopelekwa Arabuni kwa majahazi. Lakini utumwa haukuwa wa shambani tu. Uliingia hadi ndani ya nyumba. Kwa hiyo nimemchagua Seyyida Salme, binti wa Sultani aliyetawala pwani yetu hii.

Alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alitekwa angali mtoto huko Circassia, akawa suria wa Sultani. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na bwana na suria wake ni huru, na mama huyo hauzwi tena. Basi mtoto wa mjakazi akawa binti mfalme! Hata hivyo, mwenye amri nyumbani alikuwa Bibi Azza, mke wa ndoa, ingawa hakuwa na mtoto.

Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka wa 1859 kalamu hiyo ilimponza. Kaka yake Barghash alitaka kumpindua Majid, ndugu yao, na Salme ndiye aliyemwandikia barua. Njama ilishindwa. Baadaye alipatana na Majid, Barghash akamchukia.

Mwaka wa 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitorokea Aden kwa manowari ya Waingereza. Mwaka uliofuata alibatizwa jina Emily, akaolewa, wakaenda Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu.

Mwaka wa 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Jamani, hapo nilishangaa! Binti wa mama aliyefanywa mtumwa aliutetea utumwa, eti watumwa wa Waarabu walitunzwa vizuri. Mimi sikubali. Kama walitunzwa vizuri, mbona watumwa wa mashamba yetu walitorokea Fuladoyo, wakaanza maisha upya porini?

Sidhani Salme alikuwa mkatili. Mama yake alimpenda mno. Lakini aliutazama utumwa akiwa barazani kwa bwana, si shambani penye jembe. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka wa 1924, miaka 17 baada ya sheria kuufuta utumwa pwani ya Kenya. Ama kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.