Eugene Wigner: mkimbizi aliyegundua kanuni katika mapengo ya atomu

Eugene Wigner alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 17 Novemba 1902. Baba yake alisimamia kiwanda cha ngozi, naye kijana akapelekwa Berlin kusomea uhandisi wa kemia ili aje kumsaidia. Fizikia ikamvuta zaidi. Mwaka 1930 alianza kufundisha Princeton, Marekani, huku bado akiwa na kazi Berlin. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, kazi hiyo aliipoteza kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliongoza kundi lililosanifu vinu vya nyuklia vya Hanford. Humo ilizalishwa plutoni ya bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Mwezi uliotangulia, Wigner alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotia saini ombi la kumsihi Rais Truman asiitumie silaha hiyo kabla ya Japani kupewa masharti ya kusalimu amri. Ombi halikuzuia shambulio.

Kazi ya vinu ilimwachia swali. Kiini cha urani humeza nyutroni kwa wingi katika nishati fulani tu. Nje ya hizo, nyutroni nyingi hupita. Nishati hizo ni nyingi mno, na hakuna hesabu iliyoweza kutabiri mahali pa kila moja. Wigner akageuza swali: je, zinaachana vipi?

Mkazi wa Kismayo na afikirie madau yanayorudi kutoka Koyama na Chovai bila kupangiana saa. Mara nyingi mawili hufika karibu pamoja, kisha bandari hukaa tupu kitambo kirefu. Mwaka 1956, katika mkutano wa Gatlinburg, Tennessee, Wigner alikisia kwamba nishati za kiini haziko hivyo. Zilizo za aina moja husukumana, na ni nadra sana mbili kukaribiana mno.

Vipimo vilivyofuata viliafiki kisio hilo. Hata leo wahandisi wa vinu hulitumia pale ambapo vyombo vyao haviwezi kuitenganisha nishati moja na jirani yake.

Wigner alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 1963 kwa kazi nyingine kuhusu viini vya atomu. Alifariki Princeton tarehe 1 Januari 1995, akiwa na umri wa miaka 92.