Langlois: Filamu Huhifadhiwa Ili Zitazamwe

Siku hizi mtu aweza kuhifadhi mamia ya filamu katika kompyuta yake na kuzirusha hadi kwenye televisheni sebuleni. Mapenzi hayo yana mhenga wake, Henri Langlois, aliyezaliwa mwaka 1914 katika mji uitwao leo Izmir, nchini Uturuki, na kukulia Ufaransa.

Sinema za sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu zilihesabiwa takataka. Nyingi zilitupwa au kuyeyushwa. Langlois alizikusanya, nyingine akazirundika katika hodhi la kuogea nyumbani kwao. Mwaka 1936, yeye na Georges Franju waliasisi Cinémathèque française mjini Paris. Wanazi walipoitwaa Ufaransa mwaka 1940, alishirikiana na marafiki kuzificha.

Hata hivyo, hakuwa mlimbikizaji. Alizionyesha hadharani, na vijana kama François Truffaut wakapata humo chuo chao. Serikali ilipomwondoa Februari 1968, wao ndio walioandamana hadi akarejeshwa Aprili. Alifariki mwaka 1977.

Walimu na wanafunzi, hatuna budi kujiuliza: makabati yetu ya vitabu na kanda yana kufuli, je, yana wasomaji na watazamaji?