George Pólya: Hakukabidhi karatasi ya mashindano, akaja kuwa mwalimu wa washindi

Miongoni mwa vijana waliowahi kuketi kwenye chumba cha mashindano ya hisabati ya Eötvös nchini Hungaria, yumo mmoja aliyeondoka bila kukabidhi karatasi yake. Hakupata zawadi wala jina lake halikusomwa. Miongo kadhaa baadaye kijana huyo, sasa akiwa profesa nchini Marekani, alitoa kitabu ambacho hadi leo walimu wengi wanaowanoa wanafunzi kwa mashindano makubwa ya hisabati hukitegemea.

Jina lake ni George Pólya. Alizaliwa Budapest Desemba 13, 1887, katika familia yenye asili ya Kiyahudi. Baba yake alifariki mwaka 1897, mtoto akiwa bado mdogo, na mzigo wa nyumba ukawaangukia mama na ndugu wakubwa. Kaka yake Jenő, aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji mwenye sifa, ndiye aliyemsaidia kusoma chuo kikuu.

Shuleni hisabati haikumvutia. Pólya alikumbuka baadaye kwamba kati ya walimu watatu waliomfundisha somo hilo, wawili walikuwa wabovu kupindukia na mmoja tu ndiye alikuwa mzuri. Kumbukumbu hiyo haikumtoka, na inaeleza mengi kuhusu kazi aliyoifanya uzeeni.

Nchi iliyofanya maswali kuwa mchezo wa taifa

Kumwelewa Pólya ni lazima kwanza kuielewa Hungaria ya wakati wake. Mwaka 1894 mambo mawili yalitokea huko. Katika mji wa Győr, mwalimu Dániel Arany alianzisha jarida la kila mwezi la hisabati kwa wanafunzi wa sekondari. Jarida lilitoa maswali magumu, wanafunzi wakatuma majibu kwa posta, na majibu mazuri yakachapishwa pamoja na majina ya waliofaulu. Mwaka huohuo chama cha wanahisabati na wanafizikia kilianzisha mashindano kwa heshima ya rais wake, mwanafizikia Loránd Eötvös, aliyekuwa ameteuliwa waziri wa elimu.

Mashindano hayo yalikuwa ya vijana waliomaliza sekondari. Maswali yalikuwa matatu tu na muda saa nne. Washiriki waliruhusiwa kuingia na vitabu, kwa sababu jibu halikuwamo kitabuni. Leopold Fejér alipata nafasi ya pili mwaka 1897. Theodore von Kármán, baba wa elimu ya mwendo wa ndege, alishinda mwaka 1898. Gábor Szegő alishinda mwaka 1912 na Edward Teller mwaka 1925. Nchi ndogo ikatoa wanasayansi ambao dunia nzima iliwagombania.

Pólya hakuwamo kwenye orodha hiyo. Chuoni alianza na sheria, ikamchosha ndani ya muhula mmoja. Akahamia lugha na fasihi, akapata cheti cha kufundisha Kilatini na Kihungaria. Kisha akaingia falsafa. Profesa wake, Bernát Alexander, alimshauri asome fizikia na hisabati ili aielewe falsafa vizuri zaidi. Alikwenda huko kama anayepita njia, hakurudi. Baadaye alitania kwamba alijiona hafai vya kutosha kwa fizikia na anafaa kupita kiasi kwa falsafa, na hisabati ipo katikati.

Kofi ndani ya treni

Alipata shahada ya udaktari Budapest mwaka 1912, akaenda Göttingen nchini Ujerumani, makao makuu ya hisabati ya dunia wakati ule. Mambo yaliharibika kwa sababu ya hasira. Krismasi ya 1913 alikuwa ndani ya treni, kikapu chake kikaanguka, akagombana na kijana aliyekuwa naye kwenye behewa, akamzaba kofi. Kijana alikuwa mwanafunzi wa Göttingen, mtoto wa mtu mkubwa serikalini. Pólya ikambidi aondoke.

Mlango ulifunguka Uswisi. Mwaka 1914 alianza kufundisha katika chuo cha ufundi cha Zürich, ambako alikaa hadi 1940. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, jeshi la Hungaria lilimkataa kwa sababu ya jeraha alilolipata akicheza mpira. Vita ilipopamba moto wakamwita, safari hii akakataa yeye. Kwa kuhofia kukamatwa hakukanyaga tena nchi yake hadi mwaka 1967. Mwaka 1918 alimwoa Stella Weber, binti wa profesa wa fizikia, wakaishi pamoja miaka 67.

Zürich ndiko alikofanya kazi yake kubwa ya kitaaluma. Siku moja akitembea msituni alikutana mara kwa mara na mwanafunzi wake aliyekuwa akitembea na mchumba. Aliona aibu, wasije wakadhani anawafuatilia. Kutoka kwenye aibu hiyo likazaliwa swali: mtu anayetembea ovyo, kila njia panda akichagua upande kwa bahati nasibu, atarudi alipoanzia? Mwaka 1921 alithibitisha kwamba kwenye mitaa ya mji atarudi bila shaka, mradi atembee bila kukoma. Lakini angani, anakoweza pia kupanda na kushuka, uwezekano wa kurudi ni kama asilimia 34 tu.

Mwaka 1925 yeye na Szegő, yule mshindi wa 1912, walitoa mkusanyo wa maswali ya hisabati ya juu katika vitabu viwili. Maswali hayakupangwa kwa mada, bali kwa njia ya kuyatatua. Anayemaliza swali la kwanza anapata ufunguo wa la pili, la pili linamfikisha la tatu, na mwishoni anajikuta amethibitisha jambo ambalo asingethubutu kuligusa mwanzoni.

Hapohapo Zürich alimfundisha John von Neumann, mwanafunzi pekee ambaye Pólya alikiri kumwogopa. Alipotaja darasani kauli ambayo ilikuwa bado haijathibitishwa na yeyote, kijana alinyamaza dakika chache, akainuka na kuandika uthibitisho ubaoni.

Hatua nne

Mwaka 1940, vita ikiizunguka Uswisi, Pólya na mkewe walihamia Marekani, na mwaka 1942 akajiunga na Chuo Kikuu cha Stanford. Alibeba muswada wa kitabu alichouanza kwa Kijerumani. Wachapishaji wanne walikikataa. Kilipotoka mwaka 1945 kwa jina la How to Solve It, kilikuja kuuza nakala zaidi ya milioni moja.

Kitabu kinasema utatuzi una hatua nne: elewa swali, tafuta mpango, tekeleza, kisha rudi nyuma ulitazame jibu. Zikisomwa haraka zinaonekana kama mambo ya kawaida. Uzito wake unaonekana swali gumu likiwa mezani.

Tuchukue swali la mashindano ya kwanza ya Eötvös, ya 1894. Namba x na y ni namba kamili. Onyesha kwamba 2x + 3y ikigawanyika kwa 17 bila baki, basi 9x + 5y nayo hugawanyika, na kinyume chake.

Hatua ya kwanza, elewa. Jaribu namba: x ikiwa 1 na y ikiwa 5, ya kwanza inatoa 17 na ya pili 34. Weka 4 na 3, utapata 17 na 51. Kauli inaonekana kweli, lakini mifano miwili si uthibitisho. Hatua ya pili, mpango: tafuta uhusiano kati ya hizo mbili unaozaa 17. Hatua ya tatu: zidisha ya kwanza mara 4, upate 8x + 12y. Jumlisha na ya pili, upate 17x + 17y. Jumla hiyo daima hugawanyika kwa 17. Hivyo ya kwanza ikigawanyika, ya pili haina pa kukwepa. Kinyume chake, ya pili ikigawanyika, ile ya kwanza iliyozidishwa mara 4 nayo hugawanyika, na kwa kuwa 17 ni namba tasa isiyoigawa 4, lazima iwe inaigawa 2x + 3y yenyewe.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kufunga daftari. Pólya aliona kwamba hatua ya nne ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Kwa nini 4? Je, ninaweza kutunga swali kama hili kwa 19? Anayejaribu atagundua kwamba 2x + 3y na 9x + 4y zinafuata kanuni hiyohiyo kwa 19, safari hii kwa kuzidisha mara 5. Aliyefika hapo hajajibu swali moja tu, amepata njia ya kuyajibu mengi.

Urithi

Kuanzia 1946 Stanford iliendesha mashindano ya hisabati kwa wanafunzi wa sekondari kwa mfano wa yale ya Hungaria, hadi 1965. Szegő ndiye aliyeyaanzisha, na Pólya alishiriki kwa karibu. Yule ambaye hakukabidhi karatasi sasa alikuwa upande wa watunga maswali. Alistaafu mwaka 1953, akaendelea kuwafundisha walimu. Mwaka 1978, akiwa na miaka 90, bado alikuwa mbele ya ubao Stanford.

Mbegu ya Hungaria imeota mbali. Olimpiadi ya kimataifa ya hisabati ilianza Romania mwaka 1959. Ile ya Afrika ilianza Rabat, Morocco, mwaka 1987, na vijana wa ukanda wetu wamekuwa wakipeleka timu. Wengi hurudi bila medali. Hatari iko kwenye maandalizi. Kijana aliyekariri majibu ya mitihani iliyopita hukwama mara swali linapobadilika sura, na mwalimu anayesoma jibu ubaoni kabla wanafunzi hawajahangaika huwanyang'anya kitu ambacho Pólya alikithamini kuliko alama, yaani ile furaha ya kuona njia kwa macho yao wenyewe.

Pólya alifariki Palo Alto, California, Septemba 7, 1985, akiwa na miaka 97. Zawadi ya mashindano hakuwahi kuipata. Waliopata wengi wao wameingia darasani wakiwa na kitabu chake.