Pierre Perrault: Mshairi Aliyeitafuta Fasihi Vinywani mwa Watu

Waelekezi wa filamu wa Kanada wanaofahamika kote ulimwenguni ni wachache, na Pierre Perrault si miongoni mwao. Katika jimbo la Québec, hata hivyo, ambako wakazi wengi huzungumza Kifaransa, Perrault huhesabiwa kuwa mmoja wa wasanii wakuu wa karne ya 20. Alikuwa mshairi, mtunzi wa tamthilia, mwandishi wa redio na mwelekezi wa filamu. Katika kazi zake nyingi alitetea hoja moja, kwamba usemi wa mvuvi, mkulima na mjenzi wa majahazi ni fasihi kamili, hata kama wenye usemi huo hawajaandika kitabu chochote.

Perrault alizaliwa jijini Montréal mwezi wa Juni 1927. Alisomea sheria na kufanya kazi ya uwakili kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 1950, kisha akauacha na kuanza kuandika vipindi vya redio kwa ajili ya shirika la utangazaji la Radio-Canada. Wakati huo Kifaransa cha watu wa kawaida wa Québec kilidunishwa kutoka pande mbili. Kiingereza ndicho kilichotawala biashara na viwanda. Kwa upande mwingine, wasomi wengi waliotumia Kifaransa walikitazama kile cha Paris kuwa ndicho sanifu, na kile cha mashambani kuwa lugha iliyoharibika. Kijana msomi wa mjini, tena wakili, angetarajiwa kufuata mtazamo huo.

Aliyemwelekeza njia nyingine ni mkewe, Yolande Simard, mzaliwa wa Baie-Saint-Paul katika eneo la Charlevoix, kando ya mto Saint-Laurent. Kupitia kwake Perrault alizifahamu jamii za wavuvi na mabaharia wa huko. Alizuru vijiji vyao akiwa na kinasasauti, akarekodi masimulizi, nyimbo na mabishano ya wazee. Kutokana na safari hizo zilizaliwa vipindi vya redio, na baadaye mfululizo wa filamu fupi 13 za televisheni, *Au pays de Neufve-France*, alizozitengeneza pamoja na René Bonnière kati ya mwaka wa 1959 na 1960. Katika filamu hizo sauti ya msimulizi mmoja ndiyo iliyotawala. Hatua iliyofuata ilikuwa kuiondoa sauti hiyo na kuwaacha wenyeji wajisemee.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu vifaa vilikuwa vimebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamera nyepesi zinazobebwa begani, pamoja na vinasasauti vidogo vilivyoenda sambamba na picha, ziliwawezesha watengenezaji filamu kuingia jikoni, mashuani na msituni bila mitambo mizito. Perrault aliungana na mpigapicha mashuhuri Michel Brault, na mwaka wa 1963 wakatoa filamu ya *Pour la suite du monde*, yaani kwa ajili ya mwendelezo wa dunia, chini ya Bodi ya Kitaifa ya Filamu ya Kanada.

Filamu hiyo ilitengenezwa katika kisiwa cha Île-aux-Coudres. Wakazi wake waliwahi kuvua nyangumi wadogo weupe, wanaoitwa beluga, kwa kusimika miti mingi kwenye tope la mto maji yanapokupwa. Maji yakijaa, nyangumi huingia katika uzio huo; yakikupwa tena, hunaswa ndani. Uvuvi huo ulikuwa umekoma mwaka wa 1924. Perrault aliwashawishi wanakisiwa waufufue. Mzee Alexis Tremblay, mwanawe Léopold, na mzee Grand-Louis Harvey, fanani hodari, wakajitosa katika shughuli hiyo. Katika filamu wanabishana kuhusu nguvu za mwezi juu ya mto, na kuhusu iwapo uvuvi huo ulibuniwa na wenyeji wa asili wa Amerika au na mababu waliotoka Ufaransa. Hatimaye nyangumi mmoja ananaswa akiwa hai na kusafirishwa hadi hifadhi ya wanyama wa majini jijini New York. Filamu hii ilikuwa ya kwanza ndefu kutoka Kanada kushiriki mashindano rasmi ya tamasha la Cannes.

Je, filamu ya hali halisi inaweza kuonyesha tukio ambalo lisingetokea bila kamera? Swali hili limejadiliwa na wahakiki kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba Perrault alichochea tukio. Hata hivyo, hakuwaandikia wahusika maneno ya kusema. Uvuvi ulikuwa kisingizio. Alichokiwinda ni usemi unaozaliwa watu wanapofanya kazi wanayoijali. Mtafiti wa fasihi simulizi anayemwomba mzee asimulie ngano nje ya muktadha wake hukabiliwa na tatizo lilo hilo. Suluhisho la Perrault lilikuwa kuurudisha muktadha kwanza, kisha kusikiliza.

Filamu mbili zaidi zilikamilisha utatu wa kisiwa hicho. *Le règne du jour* ya mwaka wa 1967 inawafuata Alexis na mkewe Marie hadi Ufaransa, nchi ya mababu zao, ambako wanatambua kufanana na kutofautiana kwao na wenyeji wa huko. *Les voitures d'eau* ya mwaka wa 1968 inawahusu wajenzi wa majahazi ya mbao ambao riziki yao ilikuwa ikimezwa na meli za chuma za makampuni makubwa. Ufundi ulikuwa ukififia mbele ya kamera, na pamoja nao msamiati wake.

Suala la lugha lilijitokeza waziwazi zaidi katika *L'Acadie, l'Acadie?!?* ya mwaka wa 1971, aliyoielekeza tena pamoja na Brault. Filamu hii inaonyesha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moncton katika jimbo la New Brunswick, walioandamana mwaka wa 1968 kudai Kifaransa kiheshimiwe katika mji ambao meya wake alikipinga. Wanafunzi hao wanajadiliana usiku kucha, wanateka jengo la chuo, na mwishowe wengi wao wanakata tamaa. Perrault hakuwapamba wakawa mashujaa. Alionyesha pia uchovu na mashaka yao.

Kadhalika, hakuyatukuza maneno ya watu wa kawaida kipofu. Katika *La bête lumineuse* ya mwaka wa 1982, mwalimu mmoja mpenda ushairi anaandamana na marafiki kuwinda kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini. Wawindaji wanamfanyia dhihaka hadi anaumia. Hapa usemi uleule uliojenga undugu kisiwani unageuka kuwa silaha.

Katika uandishi Perrault alipata Tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada katika tanzu tatu: tamthilia kwa *Au cœur de la rose*, ushairi kwa *Chouennes*, na maandishi yasiyo ya kubuni kwa *Le Mal du Nord*. Kichwa cha diwani hiyo ya ushairi kinastahili kutajwa, kwani *chouenne* ni neno la watu wa Charlevoix lenye maana ya porojo au kisa cha kutia chumvi. Neno ambalo wasomi wangelidharau likapamba jalada la kitabu kilichotuzwa na taifa. Aidha, alichapisha vitabuni mazungumzo ya filamu zake kadhaa, yasomwe kama yanavyosomwa maandishi mengine ya fasihi.

Perrault alifariki Montréal mwezi wa Juni 1999. Uvuvi wa beluga kwa uzio haukurejea kuwa kazi ya kudumu kisiwani, na majahazi ya mbao yalitoweka katika biashara ya mto. Kilichobaki ni sauti za Alexis, Marie na Grand-Louis, zikisema kwa lahaja yao bila kusahihishwa na yeyote.