Al-Zahrawi: Tabibu Aliyeandika Vifo Pamoja na Uponyaji

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika jarida letu tumezoea kusoma habari za maimamu wa fiqhi na wapokezi wa Hadithi. Safari hii naomba niwaletee mtu wa kisu na uzi: Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia. Wengi wetu tunalijua jina lake kutoka kwenye zile orodha za Waislamu wavumbuzi zinazotumwa kwenye simu. Orodha humtaja kwa mstari mmoja, humsifu, kisha huenda kwa mwingine. Mimi nilimsoma kwa ajili ya somo la historia ya elimu katika Uislamu, na kilichonishika zaidi ni jinsi alivyoandika, bila kuficha, habari za wagonjwa waliokufa na sababu zilizowaua.

Wanahistoria wengi huweka kuzaliwa kwake karibu na mwaka 936. Huo ndio mwaka ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kujenga Madinat al-Zahra, mji wa kifalme ulio kilomita chache magharibi ya Cordoba. Nisba ya al-Zahrawi imetokana na mji huo. Huitwa pia al-Ansari, yaani nasaba yake hurudishwa kwa Ansari wa Madina. Al-Humaydi, mwanachuoni wa Andalusia aliyeandika wasifu wa watu wa nchi yake, alimhesabu miongoni mwa watu wa fadhila, dini na elimu, akasema alifariki baada ya mwaka 400 Hijria. Imamu Ibn Hazm, tunayemjua kwa fiqhi, alikisifu kitabu chake cha tiba. Kwa hiyo tunazungumza juu ya mtu aliyeheshimiwa na wanazuoni wa dini katika zama zake.

Kitabu hicho ni al-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokikamilisha yapata mwaka 1000. Sehemu nyingi zinahusu maradhi na namna ya kuchanganya dawa. Sehemu ya 30 ndiyo ya upasuaji, nayo ina milango mitatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kukata na kushona, kisha kuunga mifupa iliyovunjika au kuteguka. Humo alichora zana zipatazo 200: visu, makoleo, kulabu, misumeno, vifaa vya kung'olea meno. Alichora ili mwanafunzi aliye mbali aweze kwenda kwa mhunzi na kutengenezewa kifaa kilekile. Aliwaita wanafunzi wake wanawe, na anawasemesha kama mzazi anavyousia watoto.

Msomaji akifungua sehemu hiyo anakutana kwanza na makaburi. Kabla ya kufundisha kukata, al-Zahrawi anasimulia aliyoyaona kwa macho yake. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe wa shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa mikubwa ya damu, na mwanamke yule akatoka damu mpaka akafa mbele yake. Mwingine alitaka kumtoa jiwe la kibofu mzee wa makamo makubwa. Jiwe lilikuwa kubwa, akalivuta pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafa baada ya siku kama tatu. Al-Zahrawi anaeleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameitwa mapema kulitoa jiwe lile. Alipotazama ukubwa wake na hali ya mgonjwa, alijua kwamba angekufa.

Kisa kingine ni cha mtumishi wa liwali aliyevunjika mguu karibu na kisigino, akiwa pia na jeraha. Tabibu alifunga mbao na vitambaa juu ya jeraha, akakaza sana, akaagiza kisifunguliwe kwa siku kadhaa. Mguu ukavimba. Al-Zahrawi alipoitwa alilegeza bendeji mara moja, na maumivu yakapungua, lakini nyama ilikuwa imekwisha kuanza kuoza. Uozo ukapanda, na mtu yule akafa.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha Andalusia peke yake. Hapa kwetu Rwanda, na kwa jirani zetu, bado wako wanaopeleka mguu uliovunjika kwa muunga mifupa wa kijijini kabla ya hospitali. Kiungo kilichovunjika huvimba, na bendeji iliyokazwa haipanuki. Damu hushindwa kupita, na nyama isiyopata damu hufa. Dalili zake ni zilezile tangu wakati wa al-Zahrawi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi. Anayeziona dalili hizo baada ya kufungwa, iwe bendeji ya mtaani au plasta ya hospitalini, asisubiri kesho. Arudi hospitali saa hiyohiyo.

Mfano wa pili ulio karibu nasi ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kuna desturi ya kukikata kwa watoto wenye kikohozi au wanaokataa kula, na kwa Kinyarwanda huitwa guca ikirimi. Al-Zahrawi naye ana mlango wa kukata kimeo. Lakini tazama masharti yake. Kwanza tabibu akague umbo lake na rangi yake. Penye uvimbe wa moto aache, kwa kuogopa damu. Na hata anapokata, asizidishe kuliko kiasi cha kawaida, kwa sababu sauti na matamshi vitaharibika. Leo tunajua pia kwamba wembe usio safi huingiza pepopunda na maradhi mengine ndani ya damu, na kwamba mtoto mwenye kikohozi huenda ana nimonia inayohitaji dawa. Kimeo hukatwa, nimonia inabaki, na siku za kumwokoa mtoto zinapita.

Masharti ya namna hiyo yamejaa kitabu kizima. Kuhusu saratani ya titi, aliandika kwamba ikiwa ndogo na inaweza kuondolewa yote, iondolewe. Ikishakuwa kubwa na ya muda mrefu, alikiri kwamba hakupata kumponya yeyote, wala hakumwona tabibu mwingine aliyefaulu. Kuhusu watoto ambao vichwa vyao hujaa maji, alieleza upasuaji wake, kisha akasema aliowaona walikufa, na kwa hiyo aliona ni bora kuacha. Madaktari wa leo wana njia za kuwasaidia watoto hao, na saratani ya titi ikiwahiwa hutibika. Lakini neno lake la kuwahi bado ni lilelile. Uvimbe mdogo usiouma ndio wa kupelekwa hospitali, na wengi husubiri uume kwanza.

Pale alipofaulu, aliandika pia, kwa kipimo kilekile. Kijakazi mmoja alijikata koo kwa kisu. Al-Zahrawi alipofika aliona damu ni kidogo na mishipa mikubwa ni mizima, ila hewa inatoka kwenye jeraha. Alishona haraka, akamtibu mpaka akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza tu. Kutokana na tukio hilo alitoa hukumu kwamba kupasua njia ya hewa kwa mgonjwa anayekaribia kukabwa si jambo la kuua. Tajiriba moja, aliyoitazama vizuri, ikawa hoja ya kuwaokoa wengine. Wanafunzi wa usuli wataitambua namna hii ya kufikiri.

Dada zangu nao wana fungu katika kitabu hiki. Alipofika kwenye mawe ya kibofu kwa wanawake, alieleza kwamba tiba yake ni ngumu kwa sababu mwanamke mwenye staha hajifunui mbele ya tabibu wa kiume, na wanawake waliobobea katika kazi hii hawapatikani. Njia aliyopendekeza ni kumtafuta tabibu wa kike aliye hodari. Akikosekana, aitwe mkunga mwenye uzoefu, aelekezwe hatua kwa hatua. Miaka elfu moja imepita, na bado dada zetu wengi huficha maradhi ya uzazi na ya mkojo kwa aibu mpaka yanakomaa. Sheria inaruhusu kufunua sehemu ya mwili penye dharura ya matibabu, na hilo tulifundishe misikitini. Lakini pia dada anayesoma udaktari na kuchagua upasuaji anaondoa dhiki ambayo al-Zahrawi aliilalamikia.

Sasa niseme kwa nini nadhani mtu huyu ni wetu sisi wa masomo ya dini pia. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud na kwingineko kwamba Mtume (S.A.W.) alimfanya anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara anayoyaleta. Na katika Sahih Muslim imo habari kwamba alimpelekea Ubayy ibn Ka'b tabibu, akamkata mshipa na kuuchoma. Ukiziweka pamoja unaona mlango umefunguliwa kwa mwenye ujuzi na kufungwa kwa asiye nao. Al-Zahrawi aliishi ndani ya mpaka huo. Aliwausia wanafunzi wasome kwanza umbo la mwili, wajue mifupa, mishipa na misuli, ndipo washike kisu. Aliwaonya kwamba upasuaji mmoja huambatana na salama na mwingine huambatana na hatari, na kwamba penye hatari wasisukumwe na tamaa wala sifa.

Kitabu chake kilivuka bahari. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu yake ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na Ulaya ikamwita Albucasis. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa katika karne ya 14, alimtegemea sana. Mwaka 1778 maandishi yake ya Kiarabu yalichapishwa Oxford pamoja na tafsiri ya Kilatini. Mji wake haukupata umri huo. Madinat al-Zahra uliporwa na kubomolewa katika fitina za Andalusia mwanzoni mwa karne ya 11, wakati al-Zahrawi akiwa mzee.

Siku hizi kila mmoja wetu ana simu, na katika makundi yetu hutumwa dawa za kisukari, za presha na za saratani, nyingine zikibandikwa jina la Tiba ya Mtume bila isnadi wala uchunguzi. Anayetuma husimulia aliyepona tu. Aliyekufa hasimuliwi. Kabla ya kutuma, tumwulize mwandishi swali ambalo al-Zahrawi alilijibu bila kuulizwa: ni nani hakupona, na kwa nini? Asiyeweza kulijibu, dawa yake isitoke mikononi mwetu kwenda kwa mgonjwa.

Allah (S.W.) amrehemu Abul-Qasim, awape shifaa wagonjwa wetu, na awape madaktari wetu ujuzi na uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.