Shaaban Robert, karani aliyeijua thamani ya ufupi

KATIKA madarasa ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako watoto wengi hutoka nyumbani wakisema Kiiraqw au Kidatoga, vizazi kadhaa vya wanafunzi vilikutana na Kiswahili sanifu kupitia kitabu chembamba kiitwacho Kusadikika. Mwandishi wake, Shaaban Robert, naye hakuwa na ukoo wa Waswahili wa kale. Alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, Tanga, na wazee wake walikuwa Wayao.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Baadaye alihamia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga na hatimaye ofisi ya upimaji wa ardhi, alikodumu hadi 1960. Hivyo, kwa zaidi ya miaka 30, mtu huyu ambaye leo huitwa baba wa fasihi ya Kiswahili aliishi kwa mshahara wa ukarani. Kuandika ilikuwa kazi ya saa zilizobaki, na pengine ndiyo sababu hakuwa na maneno ya kupoteza.

Kusadikika, kilichotoka 1951, hutajwa kuwa riwaya, lakini ukikifungua utaona ni mfululizo wa hadithi fupi zilizoshonwa kwa uzi mmoja. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ienezwe nchini. Badala ya kujitetea kwa hoja tupu, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Kila safari ingeweza kujaza kitabu kizima. Yeye aliipa kurasa chache, akabakiza safari, mateso, maarifa na malipo ya dhuluma. Nchi yenyewe aliiweka angani. Chini ya utawala wa Mwingereza, hadithi ya namna hiyo iliweza kupita pale ambapo makala ya siasa ingezuiliwa.

Ustadi wake wa kusahihisha na kufinyanga upya unaonekana zaidi katika Adili na Nduguze, cha 1952. Kisa hicho asili yake ni Alfu Lela Ulela, ambako ndugu wawili wasaliti wamegeuzwa mbwa. Shaaban aliwafanya manyani, akabadili majina ya watu na nchi kuwa majina yanayobeba tabia: Adili, Rai, Ughaibu. Jina moja la namna hiyo humwondolea msimulizi aya nzima ya maelezo. Wako wanaolalamika kwamba wahusika wa aina hii hawana damu mwilini, na lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo, kwa hadithi fupi yenye shabaha, njia hiyo ilimtosha.

Kielezo cha Insha, kilichochapwa 1954, kinaonyesha nidhamu ileile nje ya hadithi: jambo moja, insha moja fupi, kisha kalamu inawekwa chini.

Subira ilimgharimu. Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, hakikuchapwa hadi 1967. Utubora Mkulima kilitoka 1968. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958, zilikusanywa na kutolewa kuwa kitabu mwaka 2002.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, akazikwa Machui. Baadhi ya miswada yake ilikuwa bado inasubiri mchapishaji.