Philly Lutaaya, staa aliyeingia darasani na ugonjwa wake

Wewe uliye gredi ya saba au ya nane hapa Nyayo Highrise, Kibera ama Kawangware, unalijua lile somo. Mwalimu akifika kwa mapenzi, mwili na Ukimwi anaharakisha, macho dirishani, nyinyi mnacheka chini ya dawati, kengele inalia. Leo nataka nikuambie kuhusu mtu aliyelifundisha bila kukimbia.

Anaitwa Philly Bongole Lutaaya, Mganda, mzaliwa wa Oktoba 1951. Shule aliiacha mwaka 1968 akafuata muziki. (Mimi pia chuo sikumaliza, kwa hivyo hapo sina la kusema.) Akapiga na bendi Kongo, akapiga hapa Nairobi, na katikati ya miaka ya 80 akahamia Stockholm, Sweden. Huko ndiko alikorekodi Born in Africa, albamu iliyomfanya mkubwa kwao.

Halafu mwaka 1989 akarudi Uganda, akatangaza wazi kwamba ana virusi vya Ukimwi.

Hebu fikiria uzito wake. Uganda ugonjwa ule waliuita Slim, kwa vile ulivyokondesha watu. Familia zilizika vijana wao zikisema wamerogwa, au ni malaria, au ni chochote tu mradi si hicho. ARV hizi ambazo leo mtu anapata bure hospitali ya serikali, hazikuwepo. Na hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyekuwa amesimama mbele ya watu akasema ni yeye.

Unajua walimjibu nini? Wengi walikataa. Jamaa alikuwa bado anaonekana mzima, anapendeza, anaimba. Wakasema anatafuta kiki, anataka kuuza kanda.

Hapo ndipo mimi husimama kidogo, kwa sababu hiyo akili bado tunayo. Msichana wa miaka 13 anampima mvulana kwa viatu, kwa ngozi, kwa vile anavyoongea na mamake vizuri: huyu ni msafi, huyu hawezi kuwa na kitu. Mvulana naye hivyo hivyo. Lakini virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, na kinachokuambia ukweli ni kipimo, si sura. Lutaaya alikuwa ushahidi wa hilo akiwa amesimama pale, na bado watu walimtazama wakabisha.

Hakunyamaza. Alizunguka shule na makanisa huku nguvu zikimwisha. Wanafunzi waliomjua kwa redio wakamwona kwa macho yao, mtu mzima anayekubali kusema mbele ya watoto kwamba anaogopa. Akatoa pia wimbo Alone and Frightened, kuhusu huo upweke. Wapiga filamu walimfuata, na mwaka 1990 hadithi yake ikaonyeshwa hadi kwa televisheni Marekani. Baada yake watu wengine wanaoishi na virusi walianza kwenda shuleni kusimulia maisha yao, kupitia mpango uliopewa jina lake.

Sisi je? Hapa Kenya, miaka ya 90, Kardinali Otunga aliongoza kuchoma kondomu na vijitabu vya elimu ya ngono pale Uhuru Park. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, miaka kumi baada ya Lutaaya kusimama. Hadi leo wazazi, makanisa na wizara wanavutana kuhusu mtoto aambiwe nini na akiwa na umri gani. Wakiendelea kuvutana, wewe unaambiwa na nani? Na yule mkubwa wa mtaa anayekununulia chipsi, maze. Mimi naona afadhali mtu kama Lutaaya dakika arobaini kuliko mwalimu anayetazama dirisha muhula mzima. Na kama una swali, hospitali ya Mbagathi iko hapa tu karibu. Hutakuwa wa kwanza kuuliza.

Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38. Ilikuwa siku kumi kabla ya Krismasi. Alikuwa ameacha albamu ya nyimbo za Krismasi kwa Kiganda, na bado zinapigwa kila Desemba. Kama ploti yenu kuna Mganda, umeshazisikia.